Tuliacha Korosho Tukaenda Kutazama Majani

Wenzangu wa kahawa pale Ufukoni, mmeniuliza tangu Oktoba safari ilikuwaje. Kila mara nimewajibu, "Kulikuwa na baridi," nikageuza mazungumzo. Juzi Mzee Chande akasema mbele ya watu kwamba pengine sikufika huko, kwamba nilijificha Dar es Salaam wiki tatu nikala samaki. Nimechukia. Basi naandika yote, hata yale ambayo hayanipendezi, na mkishasoma msiniulize tena.

Madimba hadi mjini

Dada yangu Rehema anaishi Ufini, juu kabisa kaskazini mwa Ulaya, mwaka wa kumi na sita sasa. Ni muuguzi. Ameolewa na mtu wa kulekule anayeitwa Timo, na wana binti mmoja, Aino, wa miaka kumi na minne. Mama yetu anakaa kijijini kwetu Madimba, nje ya mji wa Mtwara, na mjukuu huyo alikuwa hajamtia machoni ila kwenye simu. Rehema hakuwahi kurudi nyumbani tangu aondoke. Hata baba alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, hakuja. Kwetu jambo hilo halikusemwa sana, lakini lilikuwepo kila tulipokaa kula.

Mwaka huu ndipo akatuita. Alituma ujumbe: "Njooni wakati wa vuli, misitu inapendeza sana." Mimi nikasoma vuli, nikajua mvua, nikanunua mwavuli. Kumbe vuli ya kule ni wakati wa majani kugeuka rangi na kupukutika. Nikampigia simu.

"Yaani unatuita tuje kuangalia majani yanayokufa?"

"Ni mazuri, kaka Issa. Utaona."

Nyinyi mnanijua. Nimefanya kazi ya bwana shamba miaka thelathini, pale kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele na vijijini, na maisha yangu yote jani likigeuka rangi kabla ya wakati wake nimelipiga vita. Nimepulizia dawa ya salfa mpaka macho yakavimba. Sasa naambiwa nipande ndege kwenda kuyashangilia. Tena lini? Wakati mikorosho ya mama inaanza kuangusha, wakati ambao mtu wa Madimba hatoki shambani hata kwa harusi.

Nilitegemea mama atakataa. Nilimkuta uani ameshapanga mizigo miwili. Mmoja ulikuwa wa korosho zilizobanguliwa, na mwingine, mkubwa kuliko huo, wa ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochimba na kuchemsha. Alikuwa ameichimba mwenyewe siku tatu mfululizo.

"Mama, na korosho zilizoko mtini?"

"Majirani wataokota."

"Watakuokotea wewe au watajiokotea wao?"

"Issa," akasema, "nataka nimwone Lehema." Ndivyo anavyomwita, hajawahi kumwita vingine. "Kuna neno nataka kumwuliza uso kwa uso. Kwenye simu haliulizwi."

Nililijua neno lenyewe. Sikumwuliza ni lipi. Nilibeba mzigo wa ming'oko nikautia kwenye bajaji.

Mtwara hadi Dar es Salaam

Gesi inayosafishwa Madimba inakwenda Dar es Salaam kwa bomba na haisimami njiani. Sisi tulikwenda kwa basi. Rehema alitaka tupande ndege hapahapa Mtwara, lakini mama alisema ndege atakazopanda kule mbele zinamtosha.

Basi lilitoka alfajiri, likaenda vizuri mpaka Nangurukuru. Pale konda alisimama mlangoni akatangaza dakika kumi za kula. Dakika kumi, kwa watu hamsini na msalani pa foleni moja. Mama hakutaka chakula, alitaka kuswali adhuhuri. Alitandika kanga nyuma ya kibanda cha mihogo ya kukaanga, nami nikasimama kwenye foleni ya chai.

Kikombe kimenifikia tu, honi ikaanza kulia. Abiria wakakimbia na sahani mikononi. Mama alikuwa rakaa ya tatu. Nilimwendea konda.

"Kuna mama mmoja anaswali. Mngojee."

"Mzee, tulisema dakika kumi."

"Na zimepita sita. Nina saa."

"Dereva ndiye mwenye saa."

Basi likaanza kusogea kweli. Mizigo yetu imo ndani, hati zetu za kusafiria zimo ndani, na mama yangu amesujudu nyuma ya kibanda. Nilikwenda nikasimama mbele ya basi. Nina miaka sitini na mbili na goti moja bovu, na nilisimama barabarani kama nguzo, chai nimeishika mkononi. Dereva akapiga honi. Sikusogea. Abiria wengine walinitukana kupitia madirishani, na mmoja akasema huyu mzee amechanganyikiwa.

Mama alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, akakunja kanga yake bila haraka hata kidogo, akapanda. Alipofika kwenye kiti akaniuliza, "Mbona umesimama juani?"

Niligeukia dirishani. Hasira hiyo nilikwenda nayo mpaka ng'ambo ya daraja la Rufiji.

Angani na uwanja wa katikati

Ndege ya kwanza mama aliipenda. Alikaa dirishani akaniambia mawingu kwa juu yanafanana na pamba iliyoanikwa. Chakula walichotuletea kilikuwa wali wenye ladha ya karatasi. Mama alikula mkate, akafungua mfuko wa korosho na kumgawia mwanamke aliyekaa pembeni yetu, Mhindi mmoja mwenye miwani. Hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini walizungumza mpaka tuliposhuka.

Mateso yalianza kwenye uwanja wa kubadilisha ndege. Tuliposhuka tulimkuta kijana wa kazi amesimama na kiti cha magurudumu na karatasi yenye jina la mama. Kumbe Rehema alimwombea kiti hicho bila kutuambia, kwa kuwa ni mtu mzima.

"Anasema ukae," nikamtafsiria.

"Mwambie miguu ninayo."

Nikamwambia. Kijana akanionyesha karatasi: imeandikwa kiti, basi lazima kiti kitumike, la sivyo yeye ataonekana hakufanya kazi. Tulibishana pale watu wakitupita. Mama akachoka kusikiliza lugha asiyoijua. Akachukua mzigo wa ming'oko begani kwangu, akauketisha kwenye kiti, akaufunga ule mkanda vizuri.

"Haya," akasema. "Twende."

Ming'oko ilisukumwa kwa heshima zote kuupita umati, sisi tukiifuata kwa miguu. Kijana hakucheka wala hakulalamika.

Ndege ya pili ilichelewa saa saba. Kila tulipouliza, dada wa kaunta alitabasamu akasema bado kidogo. Napendelea mtu anayenikunjia uso na kuniambia ukweli. Tulikaa kwenye viti vya chuma mpaka mgongo wa mama ukakataa, akajilaza sakafuni juu ya kanga yake, na mlinzi akaja kusema hairuhusiwi kulala chini. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha shule, alale wapi? Akasema hilo si swali lake.

Mlangoni pa Ufini

Ofisa wa hati aliniuliza tumekuja kufanya nini. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia kama Rehema alivyotuambia.

"Tumekuja kutazama majani."

Akanitazama mimi, akamtazama mama, akatazama hati zetu upya ukurasa kwa ukurasa.

"Majani gani?"

"Ya miti. Ya kwenu."

"Mmetoka Tanzania kuja kutazama majani?"

"Hata mimi nimeshangaa," nikamwambia.

Alimwita mwenzake. Walituweka pembeni wakampigia simu Rehema, aliyekuwa nje anatusubiri, na ikachukua karibu saa nzima mpaka wakaridhika kwamba majani ni majani.

Kisha mizigo. Korosho zilipita. Mzigo wa ming'oko ulipofunguliwa, mwanamke mwenye sare alivaa glovu kwanza, akaokota mng'oko mmoja kwa vidole viwili. Nikamweleza ni chakula, ni mizizi. Akasema mizizi mibichi haiingii bila cheti, kwa sababu ya magonjwa ya mimea. Mimi bwana shamba naijua sheria hiyo, hata kwetu ipo. Kwa hiyo sikuwa na la kubisha, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Hairuhusiwi, mama. Wanaichukua."

"Wataila wao?"

"Hapana. Wataichoma moto."

Mama aliinama akachukua kanga iliyokuwa imeifunga ile ming'oko, akaikung'uta udongo, akaikunja. "Chakula wanakichoma moto," akasema, si kwangu, si kwa yule mwanamke. Tulitoka hivyo. Rehema alikuwa mlangoni amenyoosha mikono. Mama alimkumbatia, na neno la kwanza alilomwambia mwanawe baada ya miaka yote hiyo lilikuwa, "Wamechukua ming'oko yako."

Rehema alilia. Mimi nilijua halilii ming'oko.

Msituni

Nyumba waliyotupeleka si ile wanayoishi siku zote mjini. Ni ya mbao, ya wazazi wa Timo, imekaa peke yake msituni kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Nilipoona hakuna jirani hata mmoja nikauliza, tumekosa nini mpaka tufichwe? Rehema akasema watu wa huko wakiwapenda wageni huwapeleka mahali pasipo na watu. Nikamwambia kwetu mgeni tunampeleka kwa watu.

Timo ni mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Kiswahili chake ni "karibu", "asante" na "chakula kizuri". Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza. Siku ya pili alinialika kwenye kijumba kidogo cha moto kando ya ziwa, ambako wanajifukiza kwa mvuke. Nikakubali, nikidhani ni kama kujifukiza kwetu, mtu na shuka lake. Shemeji yangu akavua nguo zote mbele yangu, akanionyesha msumari wa kutundika zangu. Nilitoka na mwavuli wangu bila kuaga. Jioni Rehema alijaribu kunieleza kuwa ile ni heshima. Nikamwambia mume wa dada yangu akiwa amevaa anatosha kuniheshimu.

Sasa majani. Miti myembamba yenye magome meupe ilikuwa ya manjano tupu, na vichaka vya chini vilikuwa vyekundu kama kanga mpya. Nilitembea huku nikigeuza jani baada ya jani nitazame mgongoni kama kuna unga wa ukungu. Hapakuwa na ugonjwa. Aino alinifuata, akauliza kwa Kiswahili chake cha kupasuka pasuka, "Mjomba, unatafuta nini?"

"Natafuta kinachoyaua."

"Hakuna. Yamechoka tu."

Nilimwambia jibu hilo halimo kwenye vitabu vyangu. Lakini niliendelea kutembea naye mpaka ziwani, na hewa ilikuwa safi kiasi kwamba goti halikuniuma, ingawa sikumwambia mtu.

Mama hakuwa na shida na msitu. Alizunguka humo na viatu vya mpira vya Rehema kama yuko porini Madimba. Tatizo lilikuwa ndani ya nyumba. Kila akikaa na Rehema peke yao, nilitafuta sababu ya kuingia. Nikaomba chai, nikaomba chumvi, nikauliza taa inazimwaje. Neno lake likawa halipati nafasi.

Chungu, na njia ya hospitali

Siku ya nne Rehema alikwenda zamu mjini, na Aino shuleni. Tulibaki watatu. Timo alikuwa nje anapasua kuni, mimi nilishuka ziwani kutazama nyavu alizozitega. Nilikaa huko muda mrefu. Niliporudi nilisikia sauti za vyombo, nikaingia jikoni.

Mama amekaa kwenye stuli, mikono magotini. Timo yuko kwenye sinki anasugua chungu kama anataka kukitoboa. Kanga ya mama imetupwa kwenye mfuko wa taka sakafuni.

"Kuna nini?"

"Nilichuma uyoga, nikautia kwenye kanga," mama akasema taratibu. "Nyuma kule kuna kichuguu, si cha udongo, cha majani makavu. Uyoga mweupe umeota kandokando, kama wa kwetu wa kichuguuni. Nikaupika na korosho. Huyu kaingia, kaona, kachukua chungu kamwaga chakula chote kwenye shimo la taka nje. Kaninawisha mikono kama mtoto."

Mkumbuke ming'oko. Mkumbuke konda, na mlinzi, na yule wa glovu. Vyote vilinipanda kwa pamoja. Nilimwambia Timo mambo ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia mama yangu amechuma uyoga miaka sitini kabla yeye hajajua msitu ni nini. Nilimwambia hata mbwa hamwagiwi chakula chake hivyo. Timo aliacha nipige kelele, kisha akanishika mabega yote mawili.

"Issa. Je, amekula?"

"Ungemwachia chungu angekula!"

"Sikiliza. Ule uyoga unaua. Haufanyi mtu aumwe tu, unaua. Mwulize kama ameonja."

Nilitaka kuendelea kubisha. Lakini uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Nikamgeukia mama.

"Mama, ulionja?"

"Chumvi tu," akasema. "Kijiko kimoja. Viwili." Akaonyesha vidole viwili, akafikiri. "Niliona hauna ule mzizi mrefu unaoingia kichuguuni kama wa kwetu. Nikasema labda ndio ulivyo wa huku."

Timo hakungoja nitafsiri. Alikwishaelewa vidole viwili vya mama. Alimbeba. Alimbeba mikononi mama yangu, ambaye kijana wa uwanja wa ndege hakuweza hata kumketisha kwenye kiti, na mama safari hii hakusema kwamba miguu anayo.

Barabara ile ya saa moja na nusu aliimaliza kwa dakika hamsini. Jua lilikuwa linawaka. Miti ya manjano ilisimama pande zote mbili bila kuisha, na majani yakawa yanaangukia kioo, na mimi nimekaa nyuma nimemshika mama mkono, nikiyachukia kila moja. Mama alisema hajisikii vibaya. Timo akaniambia hilo ndilo baya la uyoga ule, kwamba siku ya kwanza mtu hajisikii kitu.

Hospitalini walimnywesha maji meusi ya makaa ya kunyonya sumu, wakamchoma sindano, wakamtoa damu kupima ini. Rehema alifika akikimbia na sare yake ya kazi. Daktari alisema alichoonja ni kidogo, na amefika mapema, lakini hawawezi kutuahidi chochote mpaka siku mbili zipite.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa amekaa kitandani, midomo bado ina weusi wa makaa. Rehema alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Nikainuka kwenda kutafuta chai.

"Kaa," mama akaniambia.

Nikakaa.

"Lehema," akasema. "Pengine nakufa, pengine sifi. Nataka nijue. Kwa nini hukuja kumzika baba yako?"

Rehema aligeuka. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, na ningefurahi kama angekuwa nayo. Alinitazama tu, akasubiri.

Mmeshasoma kurasa zote hizi nikiwashtaki watu. Sasa sikilizeni na hili. Asubuhi baba alipofariki, Rehema alipiga simu akilia. Alisema amepata ndege ya jioni, akaomba tumsubiri. Haiwezekani kusubiri, mnajua, na hata yeye alijua, lakini aliomba. Nilikuwa nimemwuguza baba peke yangu miezi minane. Nilikuwa na kinyongo naye kwa kuolewa mbali bila kuniuliza mimi kaka yake. Nikamwambia, "Maiti hasubiri ndege. Umechagua huko, kaa hukohuko. Usije." Nikakata simu. Mama aliponiuliza, nikamwambia Rehema amesema hawezi kuja. Baadaye niliona aibu ya kulirekebisha, na kila mwaka aibu hiyo ikazidi kuwa nzito, mpaka nikaanza kuamini uongo wangu mwenyewe na kumkasirikia dada yangu kwa jambo nililolifanya mimi.

Niliyasema hayo yote pale kitandani. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

Mama akamgeukia Rehema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na wewe miaka kumi na moja hukuniambia?"

"Nilidhani wewe ndiye uliyemwambia aniambie hivyo."

Mama alifumba macho. Tulidhani ni sumu, Rehema akasimama kumwita muuguzi mwenzake. Mama akamshika sketi. "Sina kitu," akasema. "Nahesabu." Sikujua anahesabu nini. Kisha akaniambia, bila kufumbua macho, "Issa, nenda kanitafutie hiyo chai."

Msituni tena

Ini la mama lilikuwa zima. Siku ya tatu walimruhusu. Kwa siku mbili zaidi hakunisemesha. Aliongea na Rehema, aliongea na Aino, aliongea na Timo asiyejua Kiswahili. Mimi alinipitishia sahani. Nilistahili, na bado nilichukia, kwa sababu mtu anaweza kustahili jambo na akalichukia vilevile.

Nilimwomba radhi Timo. Nilijiandaa kwa maneno marefu. Akanikatiza, akasema angekuwa yeye, na mtu amemwaga chakula cha mama yake, angetumia shoka. Akaniuliza kama napenda kwenda kuona nyavu.

Asubuhi iliyofuata alimchukua mama msituni, akamwonyesha uyoga mmoja mmoja, Aino akitafsiri. Huu unaliwa, huu unaumiza tumbo, ule unaua. Mama alimsikiliza kama mwanafunzi, akauliza maswali makali, akamlazimisha kuchimba mpaka shinani. Walirudi na kikapu cha uyoga wa manjano. Mama akaupika na korosho zilizobaki, akapakua sahani ya kwanza, akaiweka mbele ya Timo.

"Ale yeye kwanza," akamwambia Aino. "Sisi tutamtazama."

Timo akala. Akasema, "Chakula kizuri." Mama akacheka mpaka akajifuta machozi, na Rehema akacheka, na mimi nikacheka pia. Mama hakunitazama vibaya.

Mchana huo tulikaa ngazini mbele ya nyumba, sote watano, tumejifunika blanketi moja refu. Upepo ulikuja, na majani yakashuka kutoka kwenye miti yote kwa wakati mmoja, mengi mno, polepole, hata ziwa likawa la manjano. Mzee Chande, nakiri mbele yako: ni mazuri. Sijawahi kuona kitu kama kile, na sijui kama nitakiona tena, na sikujuta hata punje moja ya korosho.

Siku ya kuondoka mama aliniambia sentensi yake ndefu ya kwanza. "Lehema anakuja Desemba. Wewe ndiye utakayempokea, na wewe ndiye utakayempeleka kwa baba yake. Si mimi."

Mtwara, na Madimba

Ndege ya kurudi haikuchelewa, na sina la kuilalamikia ila wali. Majirani walikuwa wameokota korosho za mama zote, wamezianika, wameziweka ndani ya nyumba yake na kufunga mlango. Nilitafuta kosa sikuliona.

Desemba nilikwenda uwanja wetu wa ndege hapa Mtwara kumpokea Rehema na Aino. Walichelewa saa tatu, na safari hii sikugombana na mtu. Alipotoka aliuliza mama yuko wapi. Nikamwambia anatusubiri Madimba, lakini tunapita kwanza mahali.

Aino alibaki garini. Tulitembea kwenye njia ya makaburini, mimi mbele, yeye nyuma. Mvua zilikuwa zimeanza na nyasi zimepanda mpaka magotini. Nilikuwa nimekwenda siku moja kabla kufyeka kaburi la baba, maana niliona haya alikute vile. Nikasimama. Sikusema ndilo hili. Aliliona mwenyewe.

Alivua viatu. Kisha akaniuliza, "Kichwa kiko wapi?"

"Mashariki. Huku."

"Nani alishuka kumlaza?"

"Mimi."

"Nieleze ulivyomlaza."

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu ambacho angekiona kama ningemngojea, au kama ningemwacha aje japo kesho yake: sanda, mkeka, waliokuwepo, udongo ulivyokuwa mkavu, imamu alivyosahau miwani. Alitaka kujua hata nani alimwagia kaburi maji. Nilipomaliza mkono wangu ulikuwa umelowa jasho, kwa kuwa alikuwa ameushika, na nadhani alikuwa ameushika tangu mwanzo.

"Na uso?" akauliza.

"Kibla. Kaskazini."

Akakaa chini, kwenye nyasi nilizofyeka, upande ule wa kaskazini, akamwelekea. Nami nikaviokota viatu vyake, nikarudi nyuma hatua chache, nikamngojea.